Jioni ya maonyesho shuleni: mwongozo kwa familia ya mtoto wa mtaala wa umilisi

Tangu mtaala wa umilisi (CBC), unaotazama kile mtoto anachoweza kufanya, uanze kufundishwa kote nchini Kenya mwaka 2019, kuanzia madarasa ya chekechea hadi Gredi ya 3, mwaliko wa kwenda shuleni umebadilika sura. Mzazi aliyesomea mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu), ulioanza mwaka 1985, alizoea kuona wazee wake wakiitwa mwisho wa muhula, wakikaa kwenye mabenchi kusikiliza hotuba ya mwalimu mkuu, kisha wakipewa karatasi yenye jumla ya alama na nafasi ya mtoto darasani. Siku hizi shule nyingi humwita mzazi aje aone. Mtoto husimama nyuma ya meza yenye kazi zake, na msemaji ni yeye. Shule za mijini ambazo wazazi wake hutoka kazini jioni hupenda kuipanga shughuli hiyo kuanzia saa kumi au saa kumi na moja. Mwongozo huu umeandikwa kwa kuifikiria familia ya Mombasa yenye mtoto mmoja au wawili katika shule ya msingi, ingawa mengi yaliyomo yanafaa Nakuru na Kisumu vilevile. Maandalizi yote yanayofuata, kuanzia barua hadi usafiri, yana shabaha moja: mtoto apate kueleza mwenyewe alichojifunza, na watu wa kwao wapate kumsikia.

Hatua ya kwanza: barua ya mwaliko isomwe yote

Barua hufika ikiwa imebandikwa kwenye dayari ya mtoto, au kama ujumbe katika kikundi cha WhatsApp cha darasa. Ujumbe wa simu hupotea upesi, kwa sababu kila mzazi huujibu kwa kushukuru na baada ya muda mfupi umezama chini ya shukrani hizo. Andika tarehe na saa kwenye karatasi uibandike jikoni, mahali ambapo kila mtu wa nyumba hupita.

Angalia kwanza kama wageni wanaingia kwa zamu. Shule yenye mikondo kadhaa hupangia kila darasa muda wake, na mzazi mwenye watoto wawili anaweza kujikuta anatakiwa katika vyumba viwili kwa wakati mmoja. Jambo hilo likionekana mapema hutatuliwa kwa ujumbe mmoja kwa mwalimu wa darasa, au kwa watu wazima wawili kugawana watoto na kubadilishana baada ya nusu saa. Likigunduliwa mlangoni, mtoto mmoja atasimama peke yake huku wenzake wakisikilizwa, na hilo halisahauliki kwa urahisi.

Angalia pia kama barua inataja mchango wa pesa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule za umma kumtoza Mkenya karo ya masomo, inaruhusu michango mingine pale tu Waziri anapoidhinisha kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na inasema wazi kwamba mtoto asizuiwe kuhudhuria shule kwa sababu mchango huo haujalipwa. Mzazi asiye na uwezo wa kuchangia soda na viti vya kukodi azungumze na mwalimu kwa faragha, lakini asikose kwenda kwa sababu hiyo.

Hatua ya pili: kazi ya mtoto ibaki ya mtoto

Hapa ndipo familia nyingi hukosea, na hukosea kwa mapenzi. Mtaala huu unawataka wazazi washiriki katika masomo ya watoto wao, na baadhi yetu tumeuelewa ushiriki huo kuwa ni kukesha tukikata makatoni na kutafuta duka la kuchapisha picha za rangi saa mbili usiku, ilhali mwenye kazi amelala. Matokeo yake huonekana waziwazi mezani: gari la waya lenye matairi yaliyolingana kabisa, na nyuma yake mtoto asiyejua jinsi ekseli ilivyofungwa. Walimu huzitambua kazi za namna hiyo kutoka mlangoni, ingawa adabu huwafanya wanyamaze.

Msaada unaofaa ni wa vifaa, muda na usalama. Mtafutie mtoto vifuu vya nazi, makatoni, chupa tupu na gundi, mshikie kisu panapohitajika kisu, mkatie waya mgumu, kisha rudi nyuma. Akikuuliza kama amefanya vizuri, muulize yeye anaonaje. Shule yenyewe huwa imeshawaambia watoto watumie vitu vinavyopatikana katika mazingira yao, kwa hiyo kununua vifaa ghali madukani hakumwongezei mtoto chochote machoni pa mwalimu.

Potifolio, yaani lile faili ambamo mtoto hukusanya kazi zake za muhula mzima, inahitaji uangalifu wa pekee. Mara nyingi huletwa nyumbani siku chache kabla ya maonyesho ili wazazi waipitie, na kishawishi cha kuisafisha huwa kikubwa. Tuchukue mfano wa mtoto wa Gredi ya 4 aliyepanda maharagwe kwenye makopo mawili yenye pamba, moja akilimwagilia maji na jingine akiliacha kavu. Ana jedwali lenye safu ya tarehe, urefu wa mche kwa sentimita, na mchoro mdogo wa kila siku. Kwenye Jumamosi na Jumapili nafasi ziko tupu, kwa kuwa makopo yalikuwa shuleni na shule ilikuwa imefungwa. Siku moja namba imekatwa na nyingine kuandikwa juu yake, tena kwa kalamu ya rangi tofauti. Mzazi hutamani kuzijaza zile nafasi kwa kukadiria na kulinakili jedwali upya liwe safi. Asithubutu. Zile nafasi tupu ni ushahidi kwamba mtoto ameandika alichokiona tu, na ile namba iliyokatwa inaonyesha kwamba alipima mara ya pili akajisahihisha. Mwalimu akiliona jedwali lililopambwa nyumbani, hana tena njia ya kujua mwanafunzi wake amefika wapi.

Kinachofaa kufanywa na potifolio ni kuketi na mtoto na kumwomba achague kazi mbili au tatu ambazo angependa kuzieleza. Usimchagulie. Pengine atachagua mchoro unaokuchosha wewe na kuiruka insha uliyoipenda. Mwache, ana sababu zake, na kesho yake ukiwa mbele ya meza utazisikia. Kumkaririsha maneno ya kusema ni kosa la aina ileile, kwani mtoto aliyekariri hutetereka mgeni anapomkatiza kwa swali.

Hatua ya tatu: kupanga nani aende

Mtu mzima mmoja anayesikiliza anatosha, na wawili ni heri. Kama kuna mtoto mchanga, ajulikane mapema atakayembeba nje akilia, kwa sababu madarasa ya saruji yenye paa la bati huvuma, na kilio kimoja huzima sauti za watoto wanane wanaoeleza kazi zao.

Bibi na babu wasiachwe nyumbani kwa kisingizio cha kuwa hawataelewa. Watoto wengi wa Pwani hulelewa na bibi zao mchana kutwa, na kuna masomo ambayo bibi ana ujuzi kuliko mwalimu. Wape maelezo mafupi kabla ya kuondoka nyumbani: hakutakuwa na kutaja nani amekuwa wa kwanza na nani wa mwisho, na mtoto atataka kuulizwa maswali. Kuhusu lugha, mtaala unaelekeza kwamba chekechea na gredi tatu za kwanza zifundishwe kwa lugha ya eneo ilipo shule, lakini shule nyingi za mjini hutumia Kiingereza tangu mwanzo, na mtoto anaweza kuanza kueleza kwa Kiingereza mbele ya nyanya yake. Mwambie mapema kwamba anaruhusiwa kurudia kwa Kiswahili au kwa Kigiriama, na kwamba kuieleza kazi ileile kwa lugha mbili ni sifa kwake.

Mzazi aliye kazini Ughaibuni anahitaji mpango wake. Saa za Doha na Riyadh ni sawa na za Mombasa, ilhali Dubai na Muscat zimetangulia kwa saa moja, kwa hiyo saa kumi na moja ya shuleni ni saa kumi na mbili kwao. Hata hivyo, tatizo kubwa huwa ni zamu ya kazi kuliko tofauti ya saa. Mama anayefanya kazi katika nyumba ya watu jioni huwa jikoni, na hawezi kushika simu kwa dakika ishirini. Badala ya kupiga simu ya video inayokatikakatika na kumwacha mtoto akiita “Mama, wanisikia?” mbele ya wageni, rekodi video ya dakika mbili mtoto akieleza kazi moja, umtumie mama aitazame usiku akiwa ametulia. Yeye naye arekodi swali moja la sauti kwa mtoto, ajibiwe kesho yake. Kwa uzoefu wangu, swali hilo moja humfurahisha mtoto kuliko simu ya moja kwa moja.

Hatua ya nne: alasiri ya siku yenyewe

Mtoto aliyekula chakula cha mchana saa saba atakuwa na njaa saa kumi na moja, na mtoto mwenye njaa hawezi kueleza lolote. Mpelekee mahamri mawili au viazi karai na maji, ale kabla ya kusimama mezani, na aoshe mikono kwa sababu mafuta hayatoki kwenye karatasi.

Mombasa jua huzama mapema, mwaka mzima kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi. Familia inayosali magharibi ijue kabla kama shule ina mahali pa kuswali au kama msikiti uko karibu, ili pasiwe na kumharakisha mtoto katikati ya maelezo yake. Kuhusu usafiri, jioni nauli ya matatu hupanda na foleni hurefuka, hasa kwa wanaovuka kivuko cha Likoni. Ukiwa na mzee au mtoto mdogo, patana na mwenye tuktuk mapema, aje saa utakayomwambia.

Hatua ya tano: mbele ya meza

Nenda kwanza kwenye meza ya mtoto wako, hata kama njiani umekutana na jirani mwenye mazungumzo mazuri. Tangu shughuli ianze, macho ya mtoto yako mlangoni. Kaa au chuchumaa ili nyuso zenu zilingane, weka simu mfukoni, kisha subiri. Wengi hushindwa hapo pa kusubiri: mtoto akinyamaza kwa muda mfupi tu, mzazi hudakia na kuanza kumwelezea mwalimu kazi ambayo mtoto angeieleza mwenyewe.

Maswali yanayofungua mdomo wa mtoto ni yale yanayohusu namna alivyofanya. Ulianza na nini? Ni wapi palikusumbua? Mlifanya na nani, na yeye alifanya sehemu gani? Ukipewa nafasi ya kurudia, utabadilisha nini? Maswali kama “Hii ni nini?” hujibiwa kwa neno moja na mazungumzo yakaishia hapo. “Mbona ya mwenzako ni nzuri zaidi?” lisiulizwe kabisa, wala kwa mzaha.

Mfano mmoja utaeleza zaidi. Mtoto ana kipande cha ukili alichokisuka katika somo la sanaa, urefu wake kama mkono, na upande mmoja umepinda. Bibi yake, aliyesuka mikeka maisha yake yote, ameshaona kasoro kabla hajaketi. Angeweza kusema palipoharibika. Badala yake anakishika, anakipitisha vidoleni polepole, anauliza: “Hapa palikuwaje, mjukuu wangu?”

“Hapa, bibi, nilikuwa navuta sana upande huu, ndiyo maana umepinda.”

“Na hapa mbona umenyooka?”

“Hapa mwalimu alituambia tuloweshe ukindu kwanza. Ukawa laini.”

Katika majibu hayo mawili mtoto ametambua kosa lake, ametaja chanzo chake na ameeleza dawa yake. Mtaala unaorodhesha umilisi wa kimsingi saba, miongoni mwake mawasiliano, ubunifu na utatuzi wa matatizo, na mwalimu aliyesimama kando amesikia angalau mbili kati yake bila kuuliza swali. Baada ya hapo bibi akitaka kumwonyesha jinsi ya kubana ukingo, amwonyeshe, kwa sababu sasa anamfundisha mtu aliyekwisha kueleza alipokwama.

Mtoto akishikwa na haya, usimjibie wala usimwambie mbele ya watu kwamba nyumbani husema sana. Mwombe akuonyeshe kitu kwa mikono: afungue ukurasa, asukume gari, asogeze kopo la maharagwe. Mikono ikishaanza, maneno hufuata. Yasipofuata, mshukuru kwa alichoonyesha, mzunguke kwenye meza nyingine, kisha mrudi. Mtoto mwenye kigugumizi apewe muda wake wote bila kumaliziwa sentensi.

Kabla hamjaondoka darasani, simameni angalau kwenye meza moja ya mtoto asiye wenu, na mkiweza iwe ya yule ambaye hakuna aliyemjia. Katika kila darasa yupo, kwa kuwa kuna wazazi ambao wako zamu hospitalini, bandarini au barabarani. Mwulizeni maswali yaleyale, kwa uzito uleule. Mwanao atakuwa anatazama.

Hatua ya sita: kuzungumza na mwalimu

Mwalimu ana wazazi wengi jioni hiyo, kwa hiyo chukua dakika chache tu na swali moja lililofikiriwa. Jambo zito, kama uonevu, matatizo ya kusoma au deni la shule, liombewe siku yake. Mwambie tu kwamba ungependa kuja wiki ijayo, mkubaliane siku. Tena usimjadili mtoto juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo.

Ukipewa ripoti, utakuta viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikisha matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio. Katika sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi ya 9, kila kiwango hugawanywa mara mbili, vikawa vinane. Wazazi waliozoea KCPE, yaani mtihani wa kumaliza shule ya msingi katika mfumo wa 8-4-4, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023 na kuhesabiwa kwa alama 500, huanza papo hapo kukokotoa viwango hivi ni sawa na asilimia ngapi. Hesabu hiyo haina faida. Anayekaribia matarajio katika uandishi huenda anaandika hadithi nzuri lakini bado hajagawa aya, na mwalimu ndiye anayejua. Swali la maana ni hili: “Kitu gani kimoja kinachombakisha hapo, na nyumbani tufanye nini?” Jibu liandike kwenye dayari palepale.

Wazazi wengine huuliza kama kazi hizi za meza zinahesabiwa popote. Maonyesho yenyewe hayana alama, lakini tathmini za shuleni zinazo. Katika kupangiwa nafasi za Gredi ya 10, mtihani wa KJSEA wa mwisho wa Gredi ya 9, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, unachangia asilimia 60, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na KPSEA, tathmini ya kitaifa ya mwisho wa Gredi ya 6, asilimia 20. Mtoto anayejua kupima, kuandika alichoona na kukieleza anajiandaa kwa tathmini hizo za shuleni tangu sasa.

Kuhusu picha

Mpige picha mwanao na kazi yake, kisha basi. Picha yenye sura za watoto wa wenzako usiisambaze kabla ya kuwauliza wazazi wao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi katika kushughulikia taarifa za mtoto, na mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Kama hupendi shule itumie picha ya mwanao kwenye mitandao yake, mwambie mwalimu mapema, na uiweke kwa maandishi.

Hatua ya mwisho: mkirudi nyumbani

Ndani ya tuktuk si mahali pa kutoa tathmini. Mtoto amesimama muda mrefu na amesema mengi, na pengine anachotaka ni kulala. Kama una la kumsifu, taja kitu chenyewe, kwa mfano namna alivyoeleza kwa nini kopo kavu halikuota, badala ya kusema tu kwamba amefanya vizuri. La kurekebisha lingoje wikendi.

Kazi zilizoruhusiwa kubaki nyumbani ziwekewe mahali panapoonekana, juu ya kabati au ukutani, na zisitupwe bila mwenyewe kuulizwa. Potifolio irudi shuleni siku ya kwanza ya masomo, ikiwa na karatasi zote ilizokuja nazo, pamoja na ile michoro iliyokatwakatwa. Barua nyingi huwa na sehemu ya chini ya maoni ya mzazi, ambayo wengi hutia sahihi tu. Andika sentensi mbili: jambo ulilomsikia mtoto akilieleza vizuri, na swali ambalo hakuweza kulijibu. Mwalimu atapata pa kuanzia muhula ujao.